Mshahara Mmoja, Macho Manne

Swali hunijia kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Kijana aliyeoa juzi huuliza: "Nalipwa mimi peke yangu, na pesa huisha kabla ya tarehe kumi na tano. Nifanyeje?" Mama mwenye mtoto mchanga huuliza: "Bwanangu ndiye afanyaye kazi. Akipatwa na jambo, mimi na mwanangu tutakula wapi?"

Jawabu langu nalo ni lile lile. Pato laweza kuwa moja, lakini macho ya kulitazama yawe manne. Nyumba nyingi za mshahara mmoja nilizoziona zikiyumba hazikuyumbishwa na udogo wa pesa peke yake. Ziliyumba kwa sababu mmoja ndiye aliyejua pesa ziko wapi na nani anadaiwa nini, na mwenzake alikuwa akipokea masurufu tu mlangoni kila asubuhi. Kwa hivyo kila hatua hapa chini ni ya watu wawili.

1. Kikao kimoja kila mwezi

Chagueni Jumapili ya kwanza baada ya mshahara kuingia, kisha mtoke nyumbani. Nyumba zetu za Mji wa Kale na Majengo, hapa Mombasa, zina masikio: mama mkwe yuko chumba cha pili, wapangaji wako ng'ambo ya ukumbi. Pesa ikitajwa hapo, hujibu hata asiyeulizwa. Nendeni bustani ya Mama Ngina, mkae upande wa bahari, watoto wacheze chini ya mibuyu, na meli ziingie zao Kilindini. Gharama ya kikao ni mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na dafu moja la kugawana.

Fanyeni mambo manne tu:

1. Someni pamoja hati ya mshahara, au jumbe za simu za pesa zilizoingia.
2. Tajeni madeni yote, hata ya sukari iliyoandikwa dukani.
3. Gawanyeni pesa za mwezi unaoanza.
4. Andikeni. Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari alishike yule anayebaki nyumbani. Yeye ndiye anayejua bei ya unga imepanda lini na gesi ilidumu siku ngapi.

*Kosa la kawaida:* kukigeuza kikao kuwa mahakama. Kosa la mwezi uliopita liulizwe mara moja, liandikwe, liishe. Nusu saa yatosha.

2. Panga kwa pesa inayofika

Mtu huajiriwa kwa "elfu arubaini na tano", akaanza kuishi maisha ya elfu arubaini na tano. Pesa hiyo haifiki nyumbani. Kwa viwango vya 2025, hesabu ya mwajiriwa huyo ni hivi:

- Hazina ya NSSF, asilimia 6: shilingi 2,700
- Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75: karibu 1,238
- Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: 675
- Kodi ya mapato, baada ya nafuu ya 2,400: karibu 4,500

Inayobaki ni kama shilingi 35,900. Hiyo ndiyo ya kupangia.

Kama kuna mkopo wa benki au wa Sacco unaokatwa kazini, jueni kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kwa jumla yazidi thuluthi mbili za mshahara. Ikiwa unachopokea ni chini ya thuluthi moja, nenda kwa mhasibu wa kazini na uombe maelezo kwa maandishi.

3. Gawanya siku ya kwanza

Huu ni mfano wa mume, mke na watoto wawili wadogo, katika nyumba ya kupanga kisiwani. Bei za kwenu zaweza kuwa nyengine. Chukueni mpangilio, kisha mtie tarakimu zenu.

- Kodi ya nyumba: 9,000
- Chakula: 11,000
- Maji, umeme na gesi: 4,000
- Nauli: 3,000
- Skuli na madrasa: 2,500
- Wazazi: 2,000
- Simu, sabuni na madogo madogo: 1,500
- Akiba ya dharura: 1,500
- Sanduku la msimu: 1,400

Jumla ni 35,900.

Utasema: "Elfu moja na mia tano ya akiba itanifikisha wapi?" Tuhesabu. Kodi, chakula, maji, umeme na gesi kwa mwezi ni 24,000. Ukiweka 1,500 kila mwezi, baada ya miezi kumi na sita una mwezi mzima wa kuishi bila mshahara. Ni mwendo wa kobe, kweli. Lakini mwezi wa nne tu utakuwa na 6,000, na mtoto akishikwa na homa usiku hutalazimika kugonga mlango wa mtu.

Maonyo mawili:

- Akiba itoke siku mshahara unapoingia. Ukingoja kitakachobaki, hakibaki.
- Isikae katika simu ile ile ya kununulia mboga. Iwekeni penye hatua mbili tatu za kuifikia: akaunti ya kufunga, Sacco, au mfuko wa uwekezaji wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

4. Kama pato halina tarehe

"Mimi si wa mshahara. Naendesha tuktuk." "Mimi ni kibarua bandarini, meli ikija nala, isipokuja nangoja." "Mimi ni wa hoteli. Aprili hadi Juni mvua ikinyesha, wageni hawapo, na sisi hurudishwa nyumbani." Hawa ndio wengi Mombasa, na mipango ya vitabuni huwasahau.

Fanyeni hivi:

1. Andikeni mapato ya miezi sita iliyopita, hata kwa kukisia.
2. Tafuteni mwezi mbaya kuliko yote. Maisha yenu yapangwe kwa mwezi huo.
3. Kila kinachozidi kiwango hicho kiingie akaunti ya pembeni.
4. Msimu ukifa, jilipeni kutoka akaunti hiyo kiwango kile kile cha kila mwezi.

Kwa dereva wa tuktuk, mwezi wageuka siku. Toa kwanza petroli, hesabu ya tajiri na senti za matengenezo. Kinachobaki ndicho pato. Wengi hula pesa ya tairi kisha hukopa kununua tairi.

*Kosa la kawaida:* kuongeza kodi ya nyumba Desemba, watalii wakiwa wengi, na kushindwa kuilipa Mei.

5. Pesa inakovujia

Kabla ya kukata nyama, tazameni mianya hii.

- Maji. Mifereji ya kisiwa hiki hukauka siku nyingi, nasi hununua kwa mikokoteni. Mtungi wa lita 20 ukiwa shilingi 20, na mkitumia minne kwa siku, hiyo ni 2,400 kwa mwezi. Pipa kubwa lenye kifuniko, la kujaza siku mfereji utokapo, hulipa gharama yake upesi. Mkiishi nyumba ya wapangaji wengi, changeni tangi moja.
- Kununua kidogo kidogo. Mafuta ya kupimiwa, sukari ya robo, sabuni ya kipande: kila siku waona umelipa kidogo, na mwisho wa mwezi umelipa zaidi. Anzeni na kitu kimoja, mchele au unga, mkinunue kwa wingi. Safari moja ya soko la Kongowea kwa vitunguu, viazi na nazi, mkigawana na jirani nauli na mzigo, yashinda kwenda kibandani mara thelathini.
- Daftari la duka. Kukopa dukani si aibu, ila huwezi kupatana bei na mtu unayemdai subira. Lipeni kila wiki, wala msingoje mwezi.
- Umeme. Matumizi yakivuka viwango fulani, kila uniti huwa ghali zaidi. Nyumba iliyo chini ya uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa. Pasi na birika la umeme ndivyo vya kuchunga kwanza.
- Chai ya nje. Mahamri na mbaazi za barazani sizikatazi. Lakini zikiwa kila siku kwa watu wanne, ziandikeni mzijue zinakula ngapi, kisha mchague siku zake.

6. Kalenda inayokuja

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Januari ni ya skuli: sare, vitabu, viatu. Skuli ya msingi ya umma haina karo tangu 2003, lakini mzazi yeyote atakwambia "bure" ina risiti zake. Wakristo wameshazoea Krismasi kufuatwa mara moja na Januari.

Waislamu tulikuwa na nafasi, kwa kuwa Ramadhani na Idi zilikuwa mbali na Januari. Nafasi hiyo inaziba. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2028 inatarajiwa kuingia mwishoni mwa Januari. 2029, katikati ya Januari. Na 2030, mwanzoni mwa Januari kisha tena mwishoni mwa Desemba. Futari, nguo za Idi na sare za skuli zitadaiwa katika majuma yale yale.

Ndiyo maana ya sanduku la msimu. Shilingi 1,400 kwa mwezi ni 16,800 kwa mwaka. Itumieni hivi:

- Sare na viatu vya skuli mnunue Oktoba au Novemba, kabla ya msukumano.
- Tende, unga na mchele wa Ramadhani mnunue Rajabu, kabla bei hazijapanda.
- Kitambaa cha Idi kifike kwa fundi kabla ya Shaabani kwisha. Fundi wa kumi la mwisho hutoza bei ya kumi la mwisho.

7. Ngao ya mwenye kuleta

Kidole kimoja hakivunji chawa, nanyi kidole chenu ni kimoja. Kilindeni kabla ya kufikiria kiwanja.

Hospitali. Tangu 1 Oktoba 2024, SHIF imechukua nafasi ya NHIF. Mwajiriwa hukatwa moja kwa moja. Asiyeajiriwa hupimwa uwezo, naye hulipa si chini ya 300 kwa mwezi, ikihesabiwa kwa mwaka. Mchango wa mmoja huhudumia mke au mume na watoto, *ikiwa wameandikishwa*. Hapa ndipo watu huumia: baba anakatwa kila mwezi, mtoto hayumo katika orodha. Bonyezeni *147# leo mhakikishe kila jina. Mtoto akizaliwa, cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe mapema.

Ajali kazini. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 humlazimu mwajiri kufidia. Aliyepata ulemavu wa kudumu wa kumaliza kazi hufidiwa kwa kipimo cha mapato ya miezi 96. Ajali ndogo pia iripotiwe kwa maandishi siku ile ile, na nakala ibaki nyumbani. Anayejiajiri hana ngao hii. Atafute bima ndogo ya ajali.

Kazi kukatika. Mwajiri akipunguza wafanyakazi, sheria yampa mfanyakazi notisi isiyopungua mwezi mmoja, na malipo ya siku zisizopungua kumi na tano kwa kila mwaka kamili aliofanya. Msitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kuzihesabu siku hizo pamoja.

Kifo. Hatupendi kulitaja, kwa hivyo nalitaja. Nani ameandikwa kupokea haki zako NSSF? Na katika Sacco? Wengi walijaza fomu wakiwa makapera, wakaandika jina la kaka. Nendeni mkabadilishe.

8. Mikopo: ipi kwanza, ipi kamwe

Mkopo wa simu ni mtamu kwa kuwa hauna maswali. Tazameni bei yake. Tuseme mkopo unatoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa 5,000, ada ni 375. Ukilipa na kukopa tena kila mwezi kwa mwaka, umelipa 4,500 kwa ajili ya elfu tano zile zile. Fuliza nayo ina ada ya kuingilia na malipo ya kila siku yanayoendelea mpaka ulipe.

Fuateni mpangilio huu:

1. Akiba yenu wenyewe.
2. Sacco. Kwa kawaida hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa wadhamini.
3. Chama, ikiwa kina sheria zilizoandikwa.
4. Mkopo wa simu, mara moja, kwa dharura yenye tarehe ya kulipia.
5. Shailoki: kamwe. Anayetaka kadi yako ya benki au kitambulisho anataka mshahara wako wote.

"Lakini riba ni haramu." Ni kweli, wala si udhuru wa kukaa bila mpango. Benki zinazofuata sharia zimekuwapo nchini tangu 2008, Gulf African ikiwa mojawapo, na takaful ipo kwa bima. Ulizeni mkataba ni wa kuuziana, wa kukodishiana au wa kushirikiana, na mkiona shaka mwendeeni shekhe mnayemwamini mkiwa na karatasi mkononi. Merigoraundi ya majirani nayo haina riba. Hatari yake ni mtu kupokea kisha akahama. Wageni wapewe zamu za mwisho.

Na udhamini je? Kumdhamini mtu Sacco ni kukopa kwa niaba yake. Kwa nyumba ya mshahara mmoja, udhamini uamuliwe kikaoni, na wote wawili.

9. Nyumba: kabla ya kuhama au kununua

"Si tuhamie Likoni, kodi ni nafuu?" Huenda. Kwenye feri, apitaye kwa miguu halipi. Lakini jumlisheni kodi, nauli ya kila upande na saa za foleni, kisha mlinganishe na mnapokaa sasa. Mara nyengine tofauti huliwa yote na matatu.

Mkifikiria kununua, jihadharini na kitu cha Mombasa hasa: *nyumba bila ardhi*. Unauziwa kuta na paa, na ardhi ni ya mwengine, unayemlipa kodi ya ardhi. Si ulaghai, ni utaratibu wa zamani, lakini bei yake isiwe ya nyumba yenye hati. Kabla ya kutoa shilingi:

- Fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi mjue mwenye ardhi ni nani.
- Mtafuteni mwenye ardhi mwenyewe mzungumze naye, au wakili wake.
- Ulizeni madeni ya kodi ya ardhi yaliyolala.

Wanaokaa nyumba ya urithi Mji wa Kale, msitie pesa zenu zote katika ukarabati kabla ya warithi kuandikiana nani ana fungu gani. Kumbukeni pia kwamba mtaa ni wa hifadhi: mabadiliko ya jengo yanataka idhini.

10. Maneno ninayoyajua kabla hamjayasema

*"Mke wangu akijua mshahara ataumaliza."* Anayeumaliza kwa kawaida ni asiyejua mwisho wake. Mwonyeshe orodha ya 35,900, umpe fungu la chakula la wiki nzima badala ya masurufu ya kila asubuhi. Mpe miezi mitatu kabla ya kuhukumu.

*"Mume wangu hataki kunambia."* Usianze na mshahara. Anza na bei: mpe hesabu ya mwezi ya unga, maji na gesi. Mtu akiwekewa tarakimu mbele yake, mara nyingi huleta zake.

*"Mke wangu huuza viazi vya karai, kwa nini asisaidie kodi?"* Kwa sharia yetu mali yake ni yake. Akitoa, ni hisani. Msiipangie bajeti pesa ambayo mwenyewe hajaiahidi.

*"Ndugu watasema nimebadilika."* Watasema. Wekeni fungu lenye kipimo, kama ile 2,000 ya wazazi, litoke kila mwezi bila kuombwa. Harusi na matanga yatoke sanduku la msimu. Anayekuja baada ya fungu kwisha aambiwe kweli: "Mwezi huu sina, mwezi ujao utakuwa wa kwanza." Jibu hilo ni bora kuliko simu isiyopokelewa.

11. Kazi ya wiki hii

- Jumatatu: hakikisheni majina ya watoto, *147#.
- Jumanne: andikeni madeni yote, ukurasa mmoja.
- Jumatano: mwenye kuajiriwa aombe hati ya mshahara na ailete nyumbani.
- Alhamisi: fungueni akaunti ya akiba, hata kwa mia tano.
- Ijumaa: ulizeni NSSF na Sacco jina gani limeandikwa.
- Jumapili: Mama Ngina.

Mkishakaa, kabla ya mihogo kupoa, mwenye mshahara amuulize mwenzake: "Nikilazwa kesho, utaweza kulipa kodi ya mwezi huu? Unajua analipwa nani, kwa nambari gani, na pesa ziko wapi?" Akijibu bila kusita, mpango wenu umeshaanza kufanya kazi. Akinyamaza, fungueni daftari hapo hapo, muanze na ukurasa huo.